Tatizo ni Wifi

Sindano, binti wa seremala aliyerudi kuung'oa mlango aliokwisha kuupachika kwa sababu mwenye nyumba aliuita ubao. Mjukuu wa mzee aliyechimba kisima kwa mikono yake, kisha akakaa miaka miwili bila kuonja maji yake kwa kuwa ndugu yake alitangulia kuyanywa. Dada wa pekee wa marehemu mume wangu. Mtunza santuri wa kituo cha redio kwa miaka thelathini na mmoja. Mwanamke ambaye hakuolewa, na si kwa kukosa wachumba. Huyo ndiye wifi yangu. Nimekaa naye ukoo mmoja miaka arobaini na sita, na nyumba moja miaka kumi na tisa. Kama kuna mwenye haki ya kueleza habari zake ni mimi, maana asiyekupenda ndiye anayekujua vizuri. Rafiki husahau. Mimi sijasahau kitu.

Jina la Sindano alipewa kazini. Wapo wanaosema ni kwa ajili ya sindano ya gramafoni. Wanaomjua hawahitaji gramafoni.

Siku ya tatu baada ya harusi yangu alikuja kunitazama. Nikaleta birika na vikombe vipya. Kabla sijamimina, alilowesha kidole, akakizungusha kwenye mdomo wa kikombe, akainamisha sikio. "Kikombe kisafi hulia," alisema. "Hiki kimenyamaza." Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, nimeviosha vikombe vile mara mbili. Nikaenda nikaviosha mara ya tatu. Tangu siku hiyo hajawahi kunywa chai kwangu bila kukiuliza kikombe kwanza.

Huko redioni walimuogopa kuliko mkuu wao. Maktaba ya santuri ilikuwa chumba kisicho na dirisha, rafu za chuma mpaka darini, na yeye mlangoni na meza yake, kitambaa chake na brashi laini. Mtangazaji akitaka santuri alionyesha mikono kwanza, mbele na nyuma, kama mtoto wa shule. Alikuwepo mtangazaji mmoja ambaye wanawake tulimpenda kwa sauti yake. Huyo alirudisha santuri ina alama ya kidole. Kesho yake akaja mbio anataka santuri nyingine, anaingia hewani baada ya dakika mbili. Sindano akamwambia bomba liko mwisho wa korido. Redio ilikaa kimya dakika mbili na ushei. Watu majumbani walizipiga redio zao makofi wakidhani betri zimekwisha. Mimi mwenyewe niliipiga yangu. Mkuu alipomwita, alikwenda na ile santuri yenye alama, imefungwa kwenye kitambaa, akaiweka mezani, akasimama. Mtangazaji yule akahamishiwa kusoma matangazo ya vifo.

Mitambo mipya ilipokuja, kituo kikazitupa santuri uani. Sindano alichagua mia nne na kumi na mbili, akaenda kudai barua ya ruhusa yenye mhuri, maana mwizi si yeye. Kisha akastaafu, akaja nazo kwetu. Mume wangu, kwa vifaa alivyoachiwa na baba yao, akamtengenezea rafu kwenye kona ya sebule na kuweka kiti chake pembeni, kisha akasema mbele yangu: "Kona hii ni ya dada yangu maadamu santuri zake zimo."

Maadamu santuri zake zimo. Neno hilo lilitufunga sote. Mume wangu alifariki miaka sita baadaye, na neno likabaki limesimama pale pale kama kigogo. Sindano alilipokea hivyo hivyo lilivyo: siku santuri zikitoka sebuleni, naye ametoka katika nyumba hii. Alikwisha kulisema mara nyingi, na kila aliposema alijua nahesabu. Hana pengine pa kwenda isipokuwa kwa binamu mmoja mwenye mbwa watatu na televisheni isiyozimwa. Kwa mtu mwenye masikio yale, huko ni kuzikwa mzima.

Sitaficha kwamba nilikuwa naitamani siku hiyo ifike. Nilikuwa naipigia hesabu kona ile. Ningeweka meza ya kushonea, mwanga ungeingia vizuri.

Miaka miwili iliyopita macho yake yakaanza kumsaliti. Mtoto wa jicho akamziba jicho la kulia; la kushoto linaona vivuli vya mchana. Binti yangu wa pili, ambaye kazi yake ni kupima watu macho hospitalini, mji mwingine, alimsihi akafanyiwe upasuaji. Sindano akamjibu kwamba masikio yake hayana mtoto, yatamtosha. Santuri alizijua kwa vidole, kwa ukingo na kwa uzito wa jalada. Lakini maandishi hakuyaona tena. Barua, dawa, bili za umeme, vyote ilibidi aniombe mimi nimsomee. Nami nilimsomea, polepole, kwa sauti ya darasani. Katika nyumba ile hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nacho mimi na yeye hana.

Kisha gramafoni ikafa, mota imeungua. Tukabaki na redio moja ndogo na wanawake wawili. Mimi nataka hii, yeye anataka ile. Mimi naongeza sauti, yeye anakuja kuipunguza. Majirani walikuwa wanajua saa kwa ugomvi wetu.

Binti yangu akachoka kusuluhisha kwa simu. Akanunua mtambo. Alinieleza hivi: kutakuwa na sanduku dogo la kuhifadhia nyimbo, amplifaya, spika mbili kubwa sebuleni, na spika ndogo moja chumbani kwangu na nyingine chumbani kwa shangazi yake. Vyote vitazungumza kwa mtandao wa humo humo ndani. Mtu atachagua wimbo kwenye tableti akiwa amelala kitandani, na utatiririka mpaka kwenye spika yake, sauti safi kama mpigaji yuko mlangoni. Fundi ataleta mashine ya kuchezea santuri za Sindano moja moja ili nazo ziingie sandukuni. "Kila mmoja na wimbo wake, mama," alisema, "na vita viishe."

Sindano aliposikia, akauliza: nyimbo zikiingia sandukuni, santuri zitabaki kufanya nini? Na zisipobaki, yeye atabaki kufanya nini? Binti akamwapia kwamba santuri hazitaguswa. Shangazi mtu akamwambia kwamba hata redioni waliapa.

Fundi aliyeletwa tulimwita Fundi Kimya. Mtu mfupi, mwenye futi ya chuma kiunoni na kipande cha uzi mfukoni. Akifanya kazi hasemi. Akitaka kusema jambo huandika kwa herufi kubwa kwenye vipande vya boksi na kuviacha mahali utakapoviona. Alilaza uzi sakafuni kutoka spika moja hadi nyingine, na kutoka kila spika hadi kwenye kiti kinachozitazama, mpaka akapata pembe tatu zilizo sawa. Alipiga makofi katika kila kona na kusikiliza yanavyorudi. Na kabla ya kushika chochote alinawa mikono. Sindano alimsikia akinawa. Nilimwona akigeuza sikio.

Siku tatu mtambo uligoma. Wimbo unaanza vizuri, unafika katikati, unakwama, unarudi, unakwama. Sindano katika kona yake alifurahi kama aliyeletewa zawadi. "Mtambo wenu una kwikwi," alisema. "Upeni maji."

Siku ya tatu hiyo, Sindano akiwa bafuni, binti yangu alipiga simu. Nikaiweka sauti ya nje ili fundi naye asikie. Fundi akasema maneno machache: "Shida ni wifi." Mimi nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikasema, hilo hata mimi ningewaambia, na bila kuja na futi. Binti naye akacheka, kisha akanielewesha kwamba wifi ya mafundi si ndugu wa mtu. Ni ule mtandao usio na waya, unaotoka kwenye kile kisanduku cheusi chenye taa za kijani juu ya kabati, ruta. Unapita hewani, kwa hiyo ukuta unauzuia, mtandao wa jirani unausumbua, na muziki mzito unauelemea. Nikaelewa. Nasema wazi nilielewa, maana yanayofuata hayana maana kwa mtu anayedhani sikuelewa.

Alasiri fundi aliondoka. Juu ya amplifaya akaacha kipande cha boksi. Nilikuwa nimekishika ninakisoma Sindano alipoingia, mkono wake ukifuata ukuta.

"Fundi ameandika nini?" aliuliza.

Shuleni mwalimu wetu wa darasa la tano alitupiga upatanisho wa ngeli mpaka ukaingia kwenye mifupa. Mtu ni "a", kitu ni "i". Wifi anasumbua, huyo ni ndugu. Wifi inasumbua, hicho ni kisanduku. Kama Fundi Kimya angekuwa mtu wa maneno mengi, herufi moja tu ingemwokoa Sindano. Lakini yeye huandika kwa uchoyo. Nikavaa miwani yangu sawasawa, nikasoma:

"Tatizo ni wifi. Kuondoa wifi sebuleni. Kuweka waya. Kesho asubuhi narudi na mwenzangu kusaidia kubeba."

Sikuongeza neno, wala sikupunguza. Nilisoma kama ilivyoandikwa.

Aliniambia nisome tena. Nikasoma tena. Akauliza kuondoa nani. Nikasema, wifi. Wapi? Sebuleni. Na kubeba? Nikamwambia, anakuja na mwenzake. Kisha akauliza swali moja, kwa sauti ambayo sikuizoea kutoka kwake, sauti isiyo na ncha.

"Binti yako anajua?"

"Binti ndiye aliyemleta fundi," nikasema. Na hilo nalo lilikuwa kweli.

Akaenda kwenye rafu, akaanza kuzitoa santuri.

Alizitoa kwa makumi. Alipasua shuka kuukuu vipande virefu, akazifunga kumi kumi, fundo juu, na kila fungu akaligonga kidogo sakafuni ili kingo zilingane. Mimi nilikaa kwenye kiti changu na kitambaa cha kushona, nisishone. Nilikuwa nimeitaka siku ile miaka kumi na mitatu na sasa imekaa mbele yangu kama mgeni ambaye hujui umpe nini. Nilijiambia: mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Alijitungia sharti mwenyewe, na alitimize. Lakini kichwani nilijua sharti lile hakuna aliyelivunja ila mimi, kwa kusoma.

Alipofika rafu ya juu, ukuta wa nyuma ukaonekana, rangi yake bado ya zamani. Pale palikuwa na mstari wa penseli na maandishi ya mume wangu, yale yaliyolala upande: *mkono wa dada unafika hapa*. Kumbe alimpima kabla ya kupachika mbao. Niliyasoma peke yangu. Sindano alikuwa amesimama pua yake karibu na maneno yale, haoni chochote ila kivuli.

Hayo sikumsomea. Mpaka leo sijamsomea.

Asubuhi alikuwa amevaa gauni lake la safari, amekaa juu ya boksi katikati ya mafungu arobaini na moja, santuri mbili za ziada mapajani. Fundi Kimya aliingia na mwenzake, mtu mrefu mcheshi. Fundi akatua vifaa, akapiga makofi mara moja kama desturi yake, na makofi yakamrudia yakilia kama bati. Akageuka kuangalia kona.

"Nani ametoa santuri?"

"Aliyetakiwa kutolewa," Sindano alisema. "Wewe ndiye uliyeandika kwamba tatizo ni wifi?"

"Ndiyo, mama. Tangu siku ya kwanza niliona."

"Uliona nini?"

Fundi, ambaye hasemi, siku hiyo akaamua kusema. "Inakatika ovyo. Mtu akipita mlangoni tu, imepotea. Halafu imezeeka, mama. Ukiipa kazi nzito inaelemewa, inasimama katikati. Ingefaa ikae korido, ifanye kazi ndogo ndogo. Ama itupwe, iletwe nyingine."

Sindano alisimama. Si mrefu, lakini akisimama hivi nimewaona wanaume wakitafuta mlango.

"Nina miaka sabini na nne," alisema. "Nimefanya kazi miaka thelathini na mmoja bila kukwaruza santuri hata moja. Na wewe, baba, nani aliyekufundisha kumwita mtu 'i'?"

Yule mwenzake mrefu akaanza kucheka, akaona uso wa fundi, akaugeuza ule mcheko kikohozi. Fundi alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama mafungu. Kisha akapanda kwenye kiti, akachomoa ruta juu ya kabati, akaiweka mikononi mwa Sindano.

"Wifi ni hii, mama."

Aliipapasa. Aligusa pembe zake mbili zilizosimama kama masikio ya sungura, akagusa matundu ya nyuma, akaigeuza. Vidole vile vilivyojua santuri mia nne kwa ukingo vilikuwa vinasoma kitu kipya.

"Hii ndiyo wifi?"

"Hiyo, mama. Ndiyo inayotakiwa kutoka sebuleni, nyimbo zipite kwenye waya."

"Na kila mtu anajua kwamba hii inaitwa hivyo?"

"Kila mtu," alisema Fundi Kimya, mtu mwema asiyejua anachokishika. "Hata mama huyu anajua. Binti yake alimweleza jana kwenye simu, mimi nikiwa hapa. Alicheka sana."

Nilisikia saa ya ukutani. Nilikuwa sijawahi kuisikia.

Sindano hakupandisha sauti. Angepandisha, ningejua la kujibu, maana hilo tumelizoea wote wawili. Aligeuza uso upande wangu, akakosea kidogo, akawa anaongea na dirisha.

"Wifi."

"Naam."

"Ulisoma vizuri sana jana."

Nikavua miwani.

"Hukuongeza neno."

"Sikuongeza."

"Wala hukupunguza."

"Sikupunguza."

"Basi mwalimu wako alikuwa hodari," alisema. "Kakufundisha kusoma. Yaliyobaki hukufundishwa na mtu, ulizaliwa nayo."

Fundi aliokoa mambo bila kujua. Alisema rafu irudi kama ilivyokuwa, na leo leo, kwa sababu sebule bila zile santuri inalia kama pipa. Kona ile iliyojaa majalada ndiyo inayoumeza mwangwi. Ukiitoa, hata spika za mfalme zitasikika kama za mnadani. Kwa maneno yake mwenyewe: mtambo huu hauwezi kukaa humu bila santuri hizo. Sindano alimfanya arudie, safari hii kwa sauti kubwa. Alitaka nisikie, na nilisikia.

Zilirudi rafuni mpaka saa tisa. Yule mrefu alikata vifundo na kumpa mkononi, yeye akazipanga kwa kugusa, kila moja mahali pake, na mkono wake ulipofika juu kabisa ulisimama pale pale kwenye mstari wa penseli. Maandishi yakafunikwa. Mimi sikuombwa kubeba hata moja. Niliposimama ili nisaidie, aliniambia nikae, nisije nikaacha alama ya kidole.

Fundi akaweka ruta korido, akapitisha waya wa mtandao chini ya ukuta, akaupigilia kwa vibanio vidogo mpaka kwenye sanduku la nyimbo. Sanduku akaliweka chini ya rafu, amplifaya juu yake. Akawasha. Wimbo ukaanza na haukukwama. Nitasema kweli hata kama inaniuma: ilikuwa kama mtu amefungua dirisha nililokuwa sijui lipo. Mpiga ngoma alikuwa kushoto, mwimbaji katikati, na alipovuta pumzi kabla ya kuimba nilimsikia akiivuta.

Pale uzi wa fundi kutoka spika zote mbili ulipokutana ndipo kilipo kiti changu. Fundi aliona haya kidogo, akamwambia Sindano kwamba kwa masikio yake ingefaa wabadilishane. Sindano akakataa. "Mwache akae hapo hapo," alisema. "Nataka asikie kila kitu."

Kisha fundi akasema mtandao unahitaji neno la siri, herufi nane au zaidi, na kwamba kila kifaa kitakachotaka muziki lazima kiandikiwe neno hilo. Aliniangalia mimi kwa sababu mimi ndiye mwenye miwani. Lakini Sindano alikuwa amekwisha kujibu.

"Samahani wifi," alisema. "Yote pamoja, usiache nafasi."

Yule mrefu alitoka nje kabisa. Nilimsikia akicheka mpaka kwenye geti.

Nilikaa siku nne bila muziki chumbani. Miaka arobaini na sita sijawahi kumwomba mwanamke yule msamaha, kwa jambo dogo wala kubwa, naye hajawahi kuniomba mimi. Siku ya tano nikafunga mlango, nikachukua tableti, nikaandika kwa kidole kimoja. S. A. M. Nilipomaliza, spika ikawaka. Kutoka sebuleni, kupitia mlango uliofungwa, nikamsikia akikohoa mara moja. Masikio hayana mtoto.

Mwisho wa mwezi binti yangu akaja kututembelea. Akataka kuunganisha simu yake, akaniuliza neno la siri. Nikamwambia amuulize shangazi yake. Akarudi, anasema shangazi amemwambia mimi nalijua vizuri zaidi. Nikamwambia alete simu nimwandikie. Akasema, mama, nitajie tu, nimeshika. Nikalitaja.

"Sijasikia," ilisema ile kona.

Nikalitaja tena.

Siku mbili binti alikaa na mashine aliyoileta fundi, kuziingiza santuri sandukuni. Kila moja inachezwa mara moja mpaka mwisho, kisha mtu anaandika kwenye tableti jina la wimbo, la mwimbaji na la wapigaji. Usipoandika, sanduku linaziita lenyewe: wimbo wa kwanza, wimbo wa pili, hajulikani. Binti ni mwepesi wa mkono na mwepesi wa kukosea. Sindano alimwomba amsomee aliyoyaandika, akagundua mpiga filimbi ameachwa kwa sababu jina lake lilikuwa refu. Akamwambia, "Mwanangu, wewe nenda ukapime macho." Binti akaondoka na basi la asubuhi.

Alasiri ile nilipeleka chai. Sindano alilowesha kidole, akakizungusha kwenye mdomo wa kikombe. Kililia. Hakusema kwamba kimelia. Alikunywa, akakiweka kikombe chini, akanyoosha mkono rafuni bila kuangalia, akatoa santuri ya kwanza, kushoto kabisa, chini. Akanielekezea mimi.

"Nawa mikono," alisema.

Nikaenda nikanawa. Nikarudi, nikaonyesha mikono, mbele na nyuma, nisijue ninamwonyesha nani, maana hawezi kuiona. Akavuta harufu ya sabuni, akaniachia santuri.

"Zipo mia nne na kumi na mbili," alisema. "Majalada yote yanasomeka, niliyatunza mwenyewe. Utayaandika wewe. Jina la wimbo, la mwimbaji, na kila aliyepiga, mpaka yule wa mwisho anayegonga chupa. Nikifa kabla hujamaliza, endelea. Na usiongeze neno, wala usipunguze. Soma kama ilivyoandikwa, wifi. Hiyo ndiyo kazi unayoiweza."

Nikavaa miwani yangu. Akaegemea kiti chake, akafumba yale macho yasiyoona.

"Kwa sauti," alisema. "Ukikosea herufi nitasikia."